Nusu Digrii

Sanduku hili lilikuwa la barafu,
likibeba changu na tafi hadi soko la Kongowea.
Bado lanuka vumba ukilisogezea pua.
Sasa nimelitia balbu, nalidai joto.

Shee alicheka: "Mtopanga nzima yatokota,
nawe wanunua joto kwa tokeni?"

Hajui. Joto la bure halina adabu.
Saa nane mchana lilipanda thelathini na tisa;
nikafunua, nikayapepea kwa pepeo la ukindu
mayai ishirini na manne, kama wagonjwa.
Alfajiri likashuka. Nikaziba tundu kwa kipande cha leso.

Usiku wa kumi na mbili stima ikapotea.
Chupa za maji moto, blanketi la marehemu mama,
na mimi sakafuni hadi adhana,
tochi ya simu juu ya ule mstari mwekundu
ukinishusha moyo nusu digrii,
nusu digrii.

Uani, tembe wangu mweupe asiyejua tarakimu
alikuwa ameatamia yake, amefumba macho.

Leo ni siku ya ishirini na mbili. Nilishakata tamaa.
Yai moja lina ufa, mwembamba kama unywele,
na ndani mtu anabisha hodi.

Hodi ya kutoka.
Nami sijui huitikiwaje.