Waya Dirishani

Jumamosi mkwe wangu Tymon kaja na gari lisilonguruma.
Njiwa wa marehemu hawakuruka hata mmoja.
Siku zote gari likikata kona ya mtaa wetu wa matofali mekundu
wanapaa, wanazunguka mnara wa mgodi, wanarudi wakilalama.
Safari hii walibaki juu ya banda, wanalitazama
kama watu waliosalimiwa kwa lugha ngeni.

"Mama Truda, halina moshi. Nusa."
Nikainama, mimi wa miaka sabini na minne,
nikalinusa gari matakoni.
Kweli. Mvua na mpira mpya, basi.

Kisha akaomba umeme.

Tukapitisha waya dirishani jikoni,
juu ya sufuria ya kabichi, kando ya Mtakatifu Barbara
ambaye Alojz alimtundika mwaka ule
shimo lilipomrudisha peke yake.
Mita ukutani ikaanza kuzunguka
kama mbwa aliyeuona mkia wake.
"Kufikia saa moja asubuhi," Tymon akasema, "litakuwa limeshiba."

Achim wa ghorofa ya juu alikuwa akishuka ngazi,
chupa ya chai kwapani, zamu ya usiku.
Akauruka waya. Akauliza mnyama huyu anakula nini.
"Umeme."
Akacheka hadi akakohoa, akakohoa hadi akashika ukuta.
"Basi ngoja niende kumpikia."

Wahenga walinena penye moshi hapakosi moto.
Hawakusema moto waweza kulala kwangu,
moshi ukaamkia kwa jirani.

Sikulala. Nilisikiliza mita.
Alojz alizoea kusema makaa ni msitu
uliozikwa na jua lake mfukoni.
Ninacho bado kipande kimoja juu ya redio, kina alama ya jani,
hata mishipa yake unaihesabu.
Mengine yalimwingia kifuani,
na daktari akayaona kwenye picha, meupe,
kama theluji iliyokosa njia.

Sina ugomvi na gari.
Hania, mjukuu wangu, ana pumu; huko jijini kwao
barabara ikinyamaza, naye hulala.
Nani atachukia pafu la mtoto?
Ila pafu kwa pafu, mtu hupiga hesabu, hasa usiku,
na yangu haikutoka.

Kulipopambazuka, dohani tatu ng'ambo ya bwawa
zilikuwa zikifuka taratibu, kama zinapiga miayo.
Taa ya kijani ikawaka garini.
Achim akatokea papo hapo, uso ameuosha,
wanja wa makaa ungali kwenye kope,
macho ya bibi harusi kwa dume la miaka hamsini.

Tymon akamfungulia mlango. "Panda, twende kwa mwoka mikate."
Achim akajipangusa suruali kwanza, mara mbili,
asije akalichafua.

Wakakata kona. Njiwa kimya.
Nikauchomoa waya, nikaukunja kwenye kiwiko.
Ulikuwa na joto,
kama mkono ulioachwa sasa hivi.