Herufi Ishirini na Moja

Saa kumi na mbili u nusu asubuhi, Chake Chake,
jenereta ya maabara inakohoa mara mbili, inakubali.
Kabla ya dirisha nafungua jokofu.
Nyuzi nne. Alhamdulillahi,
umeme wa usiku haukutusaliti.

Vichupa arobaini vimepangwa.
Vingine dawa, vingine maji ya chumvi,
na ajuaye kipi ni kipi yuko mbali,
siri yake imo ndani ya bahasha.

Asaa aliniuliza jikoni,
amekalia mbuzi, anakuna nazi:
Hiyo dawa yenu inafanya nini hasa?

Nikamwambia: ini lako lina mgeni,
alikuingia siku uliyozaliwa
kwa damu ya mama, bila ya mama kujua.
Hapigani, mgeni huyo. Anaandika.
Ananakili barua, anawapelekea wapishi wa seli,
nao kwa utiifu wao wanampikia maganda,
maganda matupu, maelfu kwa maelfu.
Askari wa mwili wakitoka huyakimbilia,
hata wakachoka, wakaketi,
wakasema ndivyo dunia ilivyo.

Na dawa?

Dawa ni kijipande cha ukili.
Miyaa miwili imeshikana, herufi ishirini na moja,
A kwa U, G kwa C,
imepakwa sukari kidogo, kwani ini
humfungulia mlango ajaye na sukari.
Ndani, mmoja hutupwa.
Uliobaki hupewa mkasi wa seli yenyewe,
mkasi tuliozaliwa nao,
ukapita ukipapasa barua mojamoja
kama bibi asiyeona anayetafuta ncha ya mkeka;
na herufi zikilingana, kra!
Barua haikufika. Mpishi anangoja. Jiko linapoa.
Hapo sasa, katika kimya kile, ndipo ije chanjo
iwaambie askari: inukeni,
adui si maganda, adui yule kule.

Asaa akaacha kukuna.
"Basi mnamnyamazisha. Hamumtoi."
Hatumtoi, nikasema. Kitabu chake kiko chini kabisa,
katika kiini, na bado hatujapata wa kukichoma.
"Na mimi nimedungwa dawa au chumvi?"
Sijui.
"Wallahi, Mize?"
Wallahi sijui.

Daktari alitaka nihamishwe dawati,
mke asipime damu ya mumewe,
lakini mashine hii hana mwengine aijuaye.
Kwa hiyo chupa haina jina, ina nambari, ishirini na saba.
Ila mkono niliutoa damu mimi,
na kovu lile la kibatari
nalijua hata gizani.

Mwezi wa kwanza: elfu nne na mia mbili.
Wa pili: elfu nne na mia moja.
(Usiku ule nilisema moyoni, ni chumvi.)
Wa tatu: elfu moja na kitu.
Leo mashine imetema karatasi,
nikaisoma, nikaigeuza, nikaisoma tena:
tisini na sita.

Nilitia saini. Hata yeye nisimwambie
mpaka bahasha ifunguliwe.
Nami nimekatwa barua, ulimi umengoja, jiko limepoa.

Nyumbani Bi Time, mamake,
anachagua mchele, hainui macho.
Tangu aambiwe kwamba ni damu yake,
kikombe chake amekitenga rafu ya juu,
peke yake, kimefunikwa kisahani.
Mara mia nimemwambia haiambukizi kwa kikombe,
mara mia ameitikia, "Ndiyo, mwanangu,"
na kikombe kimebaki juu.

"Anaendeleaje?" anauliza, kwa mchele.

Nikanyoosha mkono, nikakishusha,
nikapuliza vumbi,
nikamimina chai ya mdalasini mpaka ukingoni,
nikanywa mimi, nusu,
nikampa yeye iliyobaki.
Akakishika kwa mikono miwili.
Ilikuwa ya moto bado.