Kisutu Hakina Jina

Mama kaniandikia kwa biro nyuma ya risiti ya stima:
leso sita za jina zuri, usiniletee za matusi,
udi, na kisutu kimoja cha harusi.
Jumamosi saa nne, Barabara ya Biashara,
nimesimama mbele ya kaunta ya Bwana Jivraj
kama mtu aliyeitwa kutambua maiti.

Azishusha moja moja, azitandaza, anisomea,
maana miwani, nimemwambia, nimeisahau kazini.
Uongo. Sitaki tu kuyasoma mwenyewe.
"Jirani, chungu changu hakikuhusu."
"Nimekuja kukaa, si kupita."
"Mficha uchi hazai." Hii, asema,
mabibi harusi huichukua wakicheka.
Nami nacheka.

Nina miaka thelathini na minne.
Karani wa makontena, Changamwe: najua kupiga lakiri
na kuandika kwenye fomu kilichomo ndani
bila ya kufungua.

Kilichomo ndani yangu nakijua miaka mitatu.
Kidonge kimoja, saa tatu za usiku,
kwenye kopo lililoandikwa dawa ya presha.
Nesi Kadzo wa Ganjoni alinionyesha karatasi mwaka jana:
virusi havisomeki. Meza kila siku, hutampa mtu.
Ukiruka, tusidanganyane.
Nimeruka.
Tangu posa ijibiwe nyumba imejaa mashangazi,
wamelala hadi mlangoni mwa kabati langu.
Siku kumi na moja nilihesabu,
kisha nikaacha kuhesabu.

Na yuko Swabir.
Nimtajeje? Kwa Kiswahili changu chote
sijarithi neno la sisi wawili ambalo si tusi.
Basi niseme kofia: aliidarizi miezi mitano,
tobo kwa tobo, akanivika, akasema imekukaa.
Alioa kabla yangu. Sanduku la mahari nililibeba mimi.
"Ndoa ni sitara," alisema,
maneno ya mamangu kinywani mwake,
"utaona, kelele zitakoma."
Zilikoma kweli.
Zikahamia kwa mkewe.

Batuli, mimba ya miezi minne, kliniki ya Tudor,
akachomwa kidole, akaitwa chumba cha pili.
Mtaa mzima ukamfanyia hesabu:
mara yule binamu wa Mtwapa,
mara ile miaka aliyosoma Nairobi.
Wakwe wakamtengea sahani na kikombe.
Swabir alikaa barazani akatazama viatu vyake.
Mimi nilikaa ubavuni pake
nikatazama vyangu.

"Na hiki," asema Jivraj, "ndicho kisutu."
Chekundu, cheusi, cheupe.
Nakipindua, natafuta maandishi pale chini, penye pindo.
"Usijisumbue. Kisutu hakina jina, bwana, tangu zamani.
Bibi harusi hujifunika, basi."

Atakayejifunika ni Mwanakombo.
Nimezungumza naye mara tatu, na mtu kati mara zote.
Afundisha nasari Kisauni, chaki haimtoki kuchani.
Shangazi alipogeukia birika, aliniuliza:
wewe hukoroma?
Nikasema sijui.
"Mtu hujua," akasema. "Huambiwa."
Akaninyamazia kwa macho, muda ule wa chai kujaa kikombe.

Nimelipa. Kisutu kimekunjwa mara nne, chepesi kuliko nilivyodhani.
Nimesimama kwenye kivuli cha duka la vyerehani,
namba yake inawaka kiganjani.
Nimeyapanga maneno. La kwanza ni fupi:
kesho, kabla ya hina, twende wote Ganjoni.
La pili lina Swabir ndani yake; sijui kama nitalifikia.
La tatu si langu. Ni yeye wa kusema ndiyo au la,
akishajua anachokiitikia.

Inalia. Inalia.
"Halo?" Nyuma yake maji yanamwagwa, wanawake wanacheka.
"Umekipata kisutu?"

Nimekipata, nasema.
Toka hapo penye watu, Mwanakombo.
Tafuta pa kukaa.