Upawa

Si sauti iliyoniamsha. Ni kukosekana kwake.
Ile mashine ya hewa, ndogo kama kisanduku cha kiberiti,
inayonguruma usiku kucha nyuma ya cherehani,
ilinyamaza, na kimya kikanigusa bega.

Umeme umekatika Wete nzima. Joto la Kaskazi
limelala juu ya bati, halina haraka ya kuondoka.
Nikawasha tochi ya simu, nikaisogeza kwenye kioo:
samaki saba, midomo juu, wamebanana usoni mwa maji
kama watu mbele ya duka siku sukari ilipoadimika.

Shaame aliponiachia tangi hili, kabla ya kwenda Maskati,
alinifunza kama anayemfunza mtoto kufunga viatu.
Mama, mapovu ni mbwembwe tu.
Hewa huingilia usoni, pale maji yanapovunjika.
Maji yaliyotulia hujifunga, kama mtu mwenye kinyongo.
Maji yakipata moto hayashiki hewa.
Na majani haya unayoyasifu,
usiku nayo huvuta pumzi, hugombania na samaki.
Usiwalishe kwa huruma, makombo yakioza yatakula hewa yao.
Halafu saba kwa tangi hili ni wengi,
mgaie Bi Raya watatu.

Nilisema ndiyo. Sikumpa hata mmoja.
Nyumba ya mtu mmoja haihesabu samaki kuwa wengi.

Nikaondoa khanga kuukuu niliyowafunikia vumbi,
nikafungua madirisha yote mawili,
nikaingia jikoni kupapasa.
Kikombe kidogo. Ndoo itawatia kiwewe.
Upawa ulikuwa pale pale, umechomekwa ukutani.

Nikachota, nikainua hadi usawa wa kidevu, nikamimina.
Nikachota, nikainua, nikamimina.
Ndivyo tunavyopoza uji wa mgonjwa:
unaupandisha, unauangusha,
unapita hewani na kurudi na kitu.

Mgonjwa. Hapo mkono ukasita.

Kitandani kwa Faki palikuwa na chupa ya maji,
imefungwa kwenye mtungi mrefu, mweusi,
inabwabwaja, blu blu blu, siku nne.
Niliitazama chupa ile kuliko nilivyomtazama yeye.
Nilidhani maadamu inabwabwaja, basi.
Nami nimekaa kwenye kiti cha plastiki,
na mikono hii miwili, inayoshona suruali, inayoshona majoho,
imelala mapajani kama ya kuazima.

Samaki wa mkia mweusi akageuka ubavu.
Nikachota.

Saa nane. Saa tisa. Bega linawaka.
Bi Raya akauliza kupitia dirishani:
Wafua saa hizi, Mize?
Nikamjibu, napumua.
Nilitaka kusema nawapumulia. Sikurekebisha.

Adhana ya alfajiri ikaja bila kipaza sauti,
koo tupu, nyembamba, kutoka msikiti wa bondeni,
na kwa mara ya kwanza nikasikia
mwadhini naye akivuta pumzi katikati ya maneno.
Mmoja mmoja wakaanza kushuka.
Yule wa mkia mweusi alikuwa wa mwisho,
akatua karibu na mchanga
kama mgeni asiyejua kama amekaribishwa.

Umeme ulirudi nimeshateleka chai.
Mashine ikakohoa, ikanguruma, mapovu yakapanda
yakijiona wao ndio wamefanya kazi.
Nilisimama mbele ya kioo, upawa mkononi
ukidondosha matone juu ya kitambaa cha mteja,
kanzu ya harusi ya Ijumaa.
Nikachota mara moja zaidi.

Leo jioni nitamwita Bi Raya aje na ndoo yake.
Nitampa wawili.
Watatu siwezi.