Kilo za Kondo

Saa tano usiku nilimpigia Kondo, yuko Mwanza,
nikamuuliza: hivi una kilo ngapi?
Akacheka. Dada, unanipimia sanda?
Nikasema nijibu, salio linaisha.
Sabini na moja, akasema, kabla ya ndoa.

Tangu aondoke, boti imenigeuka.
Nikisokota mkono wa injini, pua inapanda,
inapanda, mpaka Mbudya inapotea,
naendesha kwa kutazama mawingu.
Nikiongeza moto inadunda, pa, pa, pa,
kama mtoto anayegomea kuogeshwa;
soda zinabishana kretini,
barafu ya watu inafika chengachenga.
Tena inavuta kulia. Nilidhani ni bega langu.

Fundi Ngwali alikuja ufukweni Kunduchi, hakuinama.
Injini hii ndogo, akasema, nunua arobaini.
Arobaini! Hii kumi na tano bado iko kikobani,
akina mama wananisalimia kwa tarehe.

Basi maji yalipokupwa nikalala chali
chini ya tezi, kanga ikalowa mpaka mgongoni,
nikahesabu matundu ya pini: matano.
Pini ilikaa la nne.
Mkono wa Kondo huo, naujua.
Yeye alikaa omo, miguu nje, akitafuna mihogo,
na tundu la nne lilikuwa hesabu ya watu wawili.
Nikaigonga ikatoka, nikairudisha la pili,
injini ikajisogeza kwenye ubao wa nyuma
kama mtu anayevuta kiti mezani.

Kumbe bado.
Kwenda tezi na omo, marejeo ngamani:
shangazi alinisomea hayo siku ya harusi yangu,
nikadhani anasema habari za wanaume.
Nikafunua kifuniko cha ngama:
ndoo nne za maji yaliyooza
na kandambili ya Kondo, ya kushoto.

Tangi la petroli nikalihamishia katikati,
mpira wa mafuta nikauunga mita mbili.
Nyuma ya injini, juu tu ya propela, kuna kipezi
kidogo kama ulimi wa mbuzi. Nikalegeza boliti,
nikapeleka mkia wake kulia, upana wa ukucha.
Ndiyo, kulia, upande uleule unaokuvuta.
Usiniulize. Nami nilijaribu kushoto kwanza,
nusura nisalimiane na miamba.

Halafu madumu matatu ya maji, lita ishirini ishirini,
na tofali moja, nikavipanga pale alipokuwa akikaa.
Pua ikainama. Ikainama mno,
boti ikalima bahari kama trekta la Ruvu,
ikatapatapa, haijui iende wapi.
Nikatoa tofali. Nikatoa dumu moja.
Mawili yaliyobaki nikayarudisha nyuma
shubiri, na shubiri nyingine,

ikatulia.
Mlio wa injini ukashuka, ukawa wa mtu aliyepata pa kukaa.
Povu likanyooka nyuma kama uzi wa cherehani.
Nikaachia mkono, nikahesabu mpaka saba,
haikugeuka. Nane sikuthubutu.

Usiku nikampigia tena.
Nimekupima, nikamwambia. Arobaini zinatosha.
Kimya. Halafu: na hizo thelathini na moja?
Kaa nazo, nikasema, kula, unenepe.

Dumu la tatu niliacha mchangani.
Asubuhi nilikuta mtoto wa jirani kaliosheza miguu yote,
miguu, na ile kandambili ya kushoto,
hakunibakizia hata tone.