Alama ya Asilimia

Mstari wa mia tatu na kumi na mbili.
Bano limefunguliwa, halikufungwa,
na ukurasa mzima umetoka mweupe
kama bustani yetu ya Januari chini ya vilima vya Bakony.

Natafuta. Nakata mistari, neno moja mstari mmoja,
nasogeza kila silabi ianzie ukingoni
na sauti zake ziifuate ndani ya mabano:
a hadi m, herufi kumi na tatu,
ngazi fupi.

Bruda Ányos hakuipenda kazi hii.
Yeye alinakili kwa kalamu ya ncha bapa
na kitambaa cha kufutia wino kilichokuwa soksi.
"Kolos, hizi ni hesabu za duka.
Nani ataimba hivi vijiherufi?"
Nikamsomea: ge, ha, ge, ef, nukta.
Akaweka kijiko chini. Akaiimba,
supu ikipoa, hadi mwisho.

Aleluya ndiyo iliyonishinda.
A moja, herufi arobaini na saba!
Niliiandika kama uzi usio na fundo;
mashine haina mapafu, haikulalamika.
Yeye akanigusa bega,
akabonyeza ukucha kwenye kioo, baada ya ile ya kumi na tisa:
"Mimi hupumua hapa."
Kitabu hakisemi hivyo, nikamwambia.
"Kitabu hakikuvuta sigara miaka thelathini."

Tulimzika Alhamisi. Udongo ulikuwa umeganda,
wachimbaji waliazima sururu kwa watu wa barabara.
Pasaka tukasimama kwaya watu watano,
na tulipoifikia ya kumi na tisa
sote tukavuta pumzi, bila kupatana,
hata Albin, aliyekuja Februari
na hakuwahi kumsikia.

Usiku huu bano nimelipata: lilijificha
nyuma ya nukta, pale pale kwenye Aleluya.
Nimelifunga. Kisha nimeukata ule uzi mara mbili,
kumi na tisa juu, ishirini na nane chini,
na katikati nikaweka alama ya asilimia,
ambayo mashine ikiiona huruka yote yaliyobaki mstarini,
haichapi, haiulizi.

% hapa Ányos hupumua

Nilianza kuandika alipumua, nikafuta.
Hu- haijui jana.
Ukurasa umetoka: mistari minne, ufunguo, nukta zake zote,
hauna doa.