Giza la Dagaa

Miaka thelathini na mitatu nimefufua taa pale Kirumba:
karabai kwanza, na tambi zake za majivu,
kisha za betri, kisha hizi za jua.
Najua dagaa haji kwa kuitwa.
Huwashiwa tu, akaja mwenyewe,
akajaa chini ya mwanga kama mtu aliyekumbuka deni.

Leo Kabula, binti mwenye glavu za samawati,
amenidunga mkono wa kushoto
dawa isiyo na rangi wala harufu,
iliyotoka ndani ya kasha la risasi, zito kama nanga.
"Itazunguka mwilini, babu. Itatafuta
mahali mfupa unapofanya kazi kupita kiasi,
ikae hapo, iwake.
Kunywa maji. Rudi saa nane."

Saa tatu nzima nimekaa kilimani Bugando,
chupa ya maji magotini,
chini yangu mabati ya Igogo, kisha ziwa,
gugu maji limeziba ghuba, kivuko kinapiga honi.
Damu ilisema namba.
Namba ilisema tezi.
Tezi haijasema imemtuma nani, wapi.

Kabla ya kitanda akaniuliza kama nimekwenda haja ndogo.
Nikaona haya. Akacheka kidogo, bila dharau:
"Kibofu kikijaa huwaka kama mwezi mpevu,
taa ndogo za jirani hatuzioni."
Hapo nikamwelewa kuliko daktari yeyote.
Mbalamwezi ikitoka, hata Igombe hawaendi ziwani;
wanashona nyavu, wanalala na wake zao.
Nikaenda nikamwaga mwezi wangu chooni,
nikarudi nimekuwa giza.

Mashine ikapita juu yangu polepole, haikunigusa.
Haipigi picha ya umbo, alisema, inapiga ya shughuli.
Nilitaka kuwa mvivu. Nilitaka kila mfupa wangu
uwe umefungwa, kama soko siku ya maziko.
Mimi niliyeuza mwanga maisha yote
nilikuwa nangoja mtu aseme: hapa hapana kitu.

Taa mbili.
Moja kulia, kwenye ubavu wa saba.
Moja ndani ya nyonga.

"Uliwahi kuanguka?" Daktari Lugembe, kalamu hewani.
Nilianguka! Masika iliyopita, ngazini, nikifunga paneli
juu ya paa la Mama Nyamizi,
nikalalia ubavu juu ya jiwe. Nilimweleza kwa furaha,
nikamsifia na jiwe lenyewe.
"Mfupa unaojiunga nao huwaka," akasema, akaandika.
Kisha akangoja.
Nikalitafuta anguko la pili. Nikaenda hadi utotoni, Ukara:
mti, ng'ombe, mtumbwi, ugomvi.
Sikulipata.

Nyumbani mjukuu akanikimbilia mikono wazi.
Nikarudi nyuma hatua mbili. Hadi kesho, walisema,
usipakate mtoto.
Akasimama katikati ya ua
kama niliyemzima.

"Wameona nini?" Nyabise, sufuria ya maji moto mkononi.
"Wameona nilipoanguka."
Akachovya kitambaa, akakamua, akanikanda ubavu.
Mkono wake ulipita juu ya nyonga, haukusimama.

Nje lilikuwa giza zuri, giza la kazi.
Taa zote zilikuwa ziwani.